Glenys Benki na Watu Wasiojua Kumsema

"Nakwambia Glenys Benki analipwa," alisema Eirwen, vibanio vya nguo vikiwa mdomoni. "Kila barua ya kukataliwa inayoingia bonde hili, yeye ana chake humo. Waulize wengine."

Sikuwauliza wengine. Nilikuwa nimembeba mwanangu Mabli kiunoni, mkono wa pili umeshika shuka lililolowa, na Eirwen si mtu wa kuhitaji kuulizwa. Yeye akiwa upande wake wa ukuta na mimi upande wangu, habari hushuka zenyewe, kama kondoo wanavyoshuka mlimani kuja kupindua mapipa yetu ya taka.

"Analipwa na nani, Anti Eirwen?"

"Na benki! Na nani mwingine? Idwal Makaa kakataliwa. Dada yake kakataliwa. Mimi mwenyewe nimekataliwa, mimi niliyelipia ile bima ya mkopo tangu tununue kikaango kipya cha chipsi mpaka mzee wangu anaingia kaburini. Sote tulikopa kwa nani? Kwa Glenys. Na kule ng'ambo ya mlima, ambako hawana Glenys, watu wanarudishiwa pesa mpaka wanakwenda kuota jua Hispania. Jumlisha mwenyewe. Si umesoma wewe?"

"Mpaka la saba tu."

"La saba linatosha kwa jumla hiyo."

Akatoa kibanio cha mwisho mdomoni, akakibana kwenye soksi kama anayembana mtu pua.

Bonde letu lina akina Davies wengi kuliko mvua, na ukiita "Davies!" dukani hugeuka foleni nzima. Kwa hiyo mtu huitwa kwa kazi yake. Eirwen Chipsi alikuwa na duka la samaki na chipsi. Idwal Makaa alileta makaa nyumba kwa nyumba. Mume wangu ni Rhodri Mapaa, ingawa hajapanda paa tangu aanguke. Na Glenys Davies aliingia kaunta ya benki akiwa msichana wa miaka kumi na sita, baba yake akitamba kwa wenzake wa mgodini kwamba binti yake atafanya kazi na mikono safi. Hakuolewa. Alimuuguza baba huyo, kifua chake kimejaa vumbi, mpaka akamfumba macho, halafu akarudi kaunta. Jumapili alifundisha watoto kanisani. Juzijuzi benki ilifungwa, jengo lake sasa ni duka la kuchora watu ngozi, lakini jina la kazi huku halistaafu. Glenys Benki ni Glenys Benki.

Ile bima yenyewe ilikuwa hivi. Ukikopa pesa ya gari au ya nyumba, wanakuongezea bima juu yake: ukiugua au kazi ikikatika, bima italipa mkopo kwa niaba yako. Maneno matamu. Ila wapo watu ambao bima hiyo isingewalipa hata wangefukuzwa kazi mara saba. Aliyejiajiri mwenyewe. Mwenye ugonjwa wa tangu zamani. Aliyekwisha kustaafu. Wakauziwa haohao, na wengine wakaambiwa bila bima mkopo hautoki. Baadaye mabenki yote nchini yakaamriwa kuwarudishia waliouziwa ovyo, na mwaka ule ikatangazwa kwamba mlango wa kudai ungefungwa mwisho wa Agosti.

Simu zikawa hazilali. Watu wasiojulikana walipiga wakitaka kukudaia pesa zako ili wamege kipande. "Mama, umewahi kukopa?" walimuuliza Eirwen. "Nimewahi," akajibu, "nilikopa sukari kwa jirani mwaka ule wa mgomo wa mgodini, unataka kumrudishia wewe?" Akakata. Watu wetu waliona wanaweza kudai wenyewe. Walidai wenyewe, na mmoja baada ya mwingine wakakataliwa.

Nilimpelekea Glenys chakula cha mchana siku hiyohiyo tuliyoanika nguo. Si kwa sababu ya maneno ya Eirwen. Nilikuwa na desturi hiyo tangu nijifungue, kwa kuwa yeye ndiye aliyenilelea mtoto nilipokuwa siwezi hata kuinuka. Niliingia kwa mlango wa nyuma nikaita, "Ni mimi!" kama tunavyofanya sote. Mlango wa mbele ni wa jeneza, wa polisi, na wa mhubiri mgeni.

Alikuwa amekaa jikoni, mguu wake mbovu juu ya kigoda, redio kimya. Mapazia ya chumba cha mbele yalikuwa yamefungwa mchana kweupe. Mezani zilikuwapo sahani za vikeki vya zabibu, kila moja imefunikwa kitambaa cha nyumba tofauti.

"Kaa, mwanangu. Mpe mtoto kikeki. Ukitoka wape na kondoo. Wananilisha kama mfiwa, na hakuna aliyekufa."

"Watu wanakupenda, Anti."

"Ndiyo shida yenyewe hiyo."

Kengele ya mbele ikalia. Glenys hakuinuka. Aliweka kidole midomoni, na Mabli, ambaye hanyamazi hata akilala, akanyamaza. Tukasikia mtu akikohoa kizingitini, kisha sauti ya Idwal Makaa: "Glenys? Nimepita kukujulia hali tu. Mguu unaendeleaje? Haya, nimekuachia kitu hapa. Ubaki salama." Viatu vikaondoka.

"Ana barua mfukoni," alisema Glenys. "Kila anapokuja anayo. Anataka kuniuliza kwa nini wamemkataa, na kila anapokuja ananiuliza mguu. Alikuwa akiingia kwa nyuma na viatu vyake vya makaa, ananichafulia sakafu, ananiita 'we msichana'. Sasa anapiga kengele."

Nilimtazama. Alikuwa amekonda. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, imelala sambamba, kama bado iko kaunta inamngojea mteja.

Mtoto mdogo hukufundisha kusema jambo moja kwa moja, maana yeye hajui njia nyingine. Nikasema, "Anti, wanasema unalipwa."

"Nani?"

"Watu."

"Eirwen."

"Sijamtaja."

"Hukuhitaji." Uso wake ulilegea kidogo, kama mtu aliyefunguliwa kifungo cha shingoni. "Ahsante."

"Ya nini?"

"Ya kulisema. Miezi yote hii wewe ndiye wa kwanza." Akajivuta karibu. "Haya niambie. Idwal aliandika nini kwenye malalamiko yake? Unajua?"

Nilijua, kwa sababu aliyaleta kwetu Rhodri amkagulie maandishi. Nikamwambia yote niliyoyakumbuka: kwamba yeye na mkewe walihudumiwa na Glenys, ambaye tangu zamani ni mtu mwema na mwaminifu, aliwaeleza kila jambo vizuri, akawapa na chai, na hawana neno naye hata kidogo, ila wanaomba pesa zao.

Glenys alicheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, na Mabli akacheka naye bila kujua kinachochekesha. Kisha kicheko kikabadilika njiani.

"Na Eirwen?"

"Hivyohivyo nadhani. Alisema hawezi kuandika neno baya juu yako kwenye karatasi ya watu wa mjini."

"Ee Mungu. Wameniua kwa adabu, na wamejiua pamoja nami." Akajifuta macho kwa kitambaa cha mojawapo ya zile sahani. "Hivi hawaoni? Benki inasoma: aliwaeleza kila jambo vizuri. Basi, kesi imekwisha! Mteja mwenyewe ameshuhudia. Ndani ya faili wanakuta alama zangu, kila mahali nimeweka tiki kwamba nimeuliza, nimeeleza, ameelewa. Ushahidi mara mbili. Mimi nilimuuzia Idwal bima ya kufukuzwa kazi wakati alikuwa amekwisha kustaafu! Nani angemfukuza, mkewe?"

"Kwa nini hawakusoma walipokuwa wanasaini?"

"Mbele yangu? Mwanangu, unamhesabia mama yako chenji? Niliwafundisha nusu yao kusali. Nilikuwa nikisema 'saini hapa', wanasaini. Mmoja alijaribu kusoma ukurasa wa pili, mkewe akamkanyaga mguu chini ya kiti. Nilimwona. Nikajifanya sikuona."

Hapo akanieleza habari ya kabichi. Meneja aliyeletwa kutoka mjini alikuwa kijana mcheshi, anayejua siku ya kuzaliwa ya kila mfanyakazi. Kila Ijumaa aliyeuza bima chache kuliko wenzake alikuta kabichi juu ya meza yake, na kabichi lile lilikaa hapo wiki nzima, wateja wakiliona. Wateja walidhani ni mchezo. Glenys alilivumilia mara ya kwanza. Mara ya pili lilikuwa limeanza kuoza.

"Wasichana wengine walilia. Mimi sikulia, mimi niliuza. Nilijua nyumba zote. Nilijua nani atasema ndiyo kabla hajaketi. Kabichi halikukaa tena juu ya meza yangu. Na watu wangu hawakuona tofauti, maana sauti ilikuwa ileile ya kanisani."

"Si uwaambie hivyo benki? Uandike, useme hukuwauliza, hukuwaeleza."

Akaangalia dirisha, ingawa nje hakukuwa na kitu ila ukuta na mvua.

"Walipofunga tawi walinipa karatasi. Nyongeza juu ya pensheni, ili mradi nisitoe nje mambo ya ndani. Paa hili na joto hili vinalipwa na nyongeza hiyo. Nilisaini palepale, sikusoma. Aliyeileta alikuwa na adabu sana."

Mabli alikuwa ameshika zabibu moja moja, anazitoa kwenye kikeki na kuzipanga. Nilipokuwa natoka, akauliza bila kunitazama, "Rhodri je? Amedai?"

"Hajadai."

"Hapana," alisema. "Asingedai yeye."

Mume wangu alikopa pesa ya gari la kazi kabla sijamjua. Alikuwa kijana, fundi wa mapaa aliyejiajiri mwenyewe, na Glenys alikuwa mwalimu wake wa zamani wa Jumapili. Miaka miwili baadaye akateleza kwenye vigae vilivyolowa, akavunjika nyonga. Alikwenda benki na magongo akaambiwa bima yake ni ya walioajiriwa. Gari likachukuliwa. Hayo nilisimuliwa na mama yake. Yeye mwenyewe husema tu, "Niliteleza," kana kwamba mengine yote yalikuwa vigae.

Jioni ile alikuwa anamenya viazi. Siku hizi anakaa kwenye ofisi ya ghala la vigae, anawapangia wengine safari.

"Unanukia vikeki," alisema. "Ulikuwa kwake."

"Nilikuwa kwake. Rhodri, siku zinakwisha. Dai pesa zako."

"Niandike nini? Niandike Anti Glenys alinidanganya?"

"Kama ndivyo ilivyokuwa."

"Alinifundisha kusali yule."

"Basi andika alikuwa mwema, ukataliwe kama Idwal."

"Ndiyo maana siandiki." Kisu kikaendelea. Ganda la kiazi lilikuwa linatoka nene mno, nusu ya chakula chetu ilikuwa inakwenda pipani. "Unajua kilichoniuma? Si pesa. Nilisimama pale kaunta na magongo yangu mawili. Alisoma karatasi mpaka mwisho, akaniambia samahani haikuhusu. Hakuinua macho. Mtu aliyenijua tangu natambaa. Ningeyaona macho yake, ningeenda zangu na amani."

"Mwambie basi."

"Wewe! Umwambie mtu hivyo? Mama wa watu mzee, amekaa peke yake?" Alinitazama kama niliyetukana kanisani. "Mambo hayo hayasemwi."

Nikaona nyumba yangu nayo ina mlango wa mbele.

Maziwa ndiyo yaliyomtoa Glenys nje. Alikuwa amekaa ndani muda mrefu akinitegemea mimi, na Jumamosi moja nilichelewa kwa sababu mtoto alikuwa na homa. Nilipofika nikamkuta amevaa koti. "Tutakwenda wote," alisema. "Siwezi kunywa chai nyeusi mpaka kufa."

Dukani kulikuwa na foleni, na Eirwen alikuwa ndani yake, na Idwal. Gumzo likakatika kama redio iliyochomolewa. Halafu likarudi lote kwa pamoja, tamu kuliko lilivyokuwa.

"Glenys! Jamani, umependeza!"

"Koti hilo! Rangi imekukaa!"

"Pita mbele, mpenzi, pita, sisi hatuna haraka."

Foleni ikafunguka. Hakuna aliyemkodolea macho wala aliyemnunia. Walisogea ukutani kumpisha, wakibeba vikapu vyao, na nafasi waliyomwachia ilikuwa pana kuliko inavyohitaji mtu mmoja. Glenys alisimama katikati ya nafasi hiyo, chupa ya maziwa mkononi.

"Eirwen," alisema. "Una neno la kuniambia?"

Duka zima likatazama makopo. Nilimwona Eirwen akipandwa na damu shingoni. Mdomo ule unaoshona kama cherehani ulifunguka. Nikaomba kimoyomoyo: Sema. Litapike.

"Mimi?" alisema Eirwen. "Mimi sina neno, mpenzi. Labda... mvua ya leo itakesha, naona."

"Idwal?"

Mkono wa mzee ulikuwa mfukoni. Nilisikia karatasi. "Nilitaka kuuliza tu," alisema, "mguu unaendeleaje."

Glenys aliiweka ile chupa juu ya kaunta taratibu, akatoka. Nililipa mimi. Nyuma yangu nilimsikia Eirwen akinong'ona, "Umeona kiburi? Anatuuliza mbele za watu!" Nikageuka nikamwambia, "Si alikuuliza, Anti? Ulikuwa na nafasi." Ni neno gumu kuliko yote niliyowahi kumwambia mkubwa katika bonde hili, na siku nzima mashavu yaliniwaka.

Baada ya hapo Glenys hakufungua hata mlango wa nyuma. Niligonga, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nilimwachia maziwa kizingitini na kuyakuta kesho yake yamekwisha kuchukuliwa. Wiki ya mwisho ya Agosti ikaingia, na kufika Ijumaa mlango wa kudai ungekuwa umefungwa. Kwa Idwal na Eirwen nilijua pa kuanzia: waandike upya, bila adabu. Nilipowaambia, Idwal alisema hawezi kumtukana mwanamke kwa maandishi, na Eirwen akasema kama kuna mtu wa kulisema basi aliseme Glenys mwenyewe, si anajua alichofanya.

Jumatano mlango wa nyuma ulikuwa wazi kidogo. Niliingia na Mabli. Jikoni mezani hapakuwa na sahani hata moja, kulikuwa na karatasi nyeupe, na kalamu, na Glenys amekaa mbele yake kwa nguo za kanisani.

"Nimeisoma ile karatasi ya benki," alisema. "Leo ndiyo nimeisoma. Wanaweza kuninyang'anya nyongeza, na wanaweza wasininyang'anye, imeandikwa kwa namna hiyo. Nikaamua acha waichukue. Nitavaa makoti ndani ya nyumba. Baba yangu alivaa."

"Kwa hiyo utaandika?"

"Nimekaa hapa tangu asubuhi. Naandika 'Mimi, Glenys Davies', halafu mkono unaendelea wenyewe: 'nilijitahidi siku zote kuwahudumia wateja kwa uaminifu.' Nachana. Naanza tena, unatoka uleule. Umeona?" Chini ya kiti chake palikuwa na vipande. Mabli alikuwa amekwisha kuvifikia. "Nimekuwa Glenys mwema muda mrefu mno. Sijui mwingine anaandikaje. Na barua isiyo ya mtu fulani haina kazi. Lazima iende na dai la mtu, iseme: huyu, siku hii, sikumuuliza kazi yake, nilimwona ana vumbi la vigae kwenye nywele na nikaweka tiki kwamba ameajiriwa. Likipita lake, la Idwal na la Eirwen yatafufuka, watakuwa na neno langu la kushika. Lakini lazima pawe na la kwanza."

Nilijua anamsema nani. Nikamtoa Mabli kipande cha karatasi mdomoni ili nisimtazame.

"Hatakuja, Anti. Anasema mambo haya hayasemwi."

"Najua anavyosema. Mimi ndiye niliyemfundisha." Alinyoosha mkono akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo sikuitegemea. "Simwombi anisamehe, usimwambie hilo, akisikia hilo atakuja na vikeki. Mwombe aje akae hapa kwenye kiti hiki aniseme. Kwa sauti. Tangu siku ya magongo mpaka leo, asibakize. Sitainamisha kichwa. Mtu mmoja tu katika bonde hili aniambie nilichomfanya, nami nitaandika kama anavyosema, neno kwa neno. Niletee mumeo, mwanangu. Niletee kabla ya Ijumaa."